Farmakolojia: dawa ikishamezwa, inafanya nini?

Ukinunua dawa ya mseto kwenye famasi yoyote Moshi, muuzaji makini atakuuliza kama umeshakula. Lumefantrine, moja ya dawa mbili zilizomo kwenye kidonge hicho cha malaria, huingia kwenye damu vizuri zaidi ikikuta mafuta tumboni. Bakuli la mtori au kikombe cha maziwa kinafaa kabisa. Lakini maziwa hayohayo ukiyatumia kunywea ciprofloxacin, ambayo ni antibiotiki, kalsiamu inaikamata dawa humohumo tumboni, na sehemu yake inaishia chooni bila kufika kwenye damu.

Elimu ya mambo haya ndiyo farmakolojia, na ina pande mbili. Kwanza, mwili unavyoishughulikia dawa: utumbo unaifyonza, damu inaisambaza, ini linaivunja, figo zinaitoa kwa mkojo. Pili, dawa inavyoushughulikia mwili, au kijidudu kilichomo. Omeprazole, dawa ya vidonda vya tumbo, kwa mfano, huziba pampu zinazomwaga asidi tumboni.

Turudi kwenye mseto, maana dozi yake inasumbua wengi. Mtu mzima humeza vidonge 4, vingine 4 zikishapita saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla 24. Artemether, ile dawa ya pili kwenye kidonge, huua vimelea wengi upesi, ila baada ya saa chache imeshapungua sana kwenye damu. Lumefantrine hukaa siku kadhaa ikimalizia waliosalia. Mgonjwa wa Kahe ambaye homa imeshuka siku ya pili, akaweka vidonge vilivyobaki kabatini (na tunaoweka ni wengi), amewaachia vimelea hao nafasi ya kuzaliana upya.

Mfamasia anasomea haya kwa sababu daktari akishaandika cheti, yeye ndiye anayebaki na mgonjwa dirishani. Mtu anaomba Panadol, ambayo ni paracetamol, huku tayari anameza dawa ya mgongo yenye paracetamol hiyohiyo ndani bila kujua. Kwa mtu mzima mwenye afya, kikomo ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ini hugeuza sehemu ndogo ya paracetamol kuwa sumu na kuizima palepale. Dozi ikizidi, kinga hiyo inaisha na seli za ini zinaanza kufa. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza asihisi chochote zaidi ya kichefuchefu.