Macho ya Dereva: Yanayopimwa Kabla ya Kupata au Kuhuisha Leseni

Dereva anayekuja kupima macho kwa ajili ya leseni hapa Tabora mara nyingi huuliza kabla hata hajakaa: "Daktari, natakiwa nisome mpaka mstari wa ngapi?" Ana haki ya kuuliza. Kwa mwenye Noah ya Nzega, kwa kijana wa bodaboda pale Ipuli, kwa dereva wa lori la tumbaku kutoka Urambo, leseni ndiyo inayolisha nyumba. Nitamjibu. Ila mstari ule ni sehemu moja tu ya kipimo, na kwa mtu aliyevuka miaka 40 si sehemu inayonitia wasiwasi zaidi.

Ubao wa herufi tunaoutumia ulibuniwa na Herman Snellen, daktari wa macho wa Uholanzi, mwaka 1862. Unasimama mita 6 kutoka ubaoni na kusoma kwa jicho moja, kisha jingine, kisha yote mawili. Asiyejua herufi hupewa ubao wa E zilizogeuzwa huku na huku, naye anaonyesha kwa mkono zimeelekea wapi. Kwa hiyo asiogope mtu kuja kwa sababu hakusoma. Mwenye kuona vizuri huandikiwa 6/6. Ukiandikiwa 6/12, kile ambacho mwenye macho mazuri anakisoma akiwa mita 12, wewe hukisomi mpaka usogee hadi mita 6.

Nchi nyingi zimeweka 6/12 kuwa kiwango cha chini kwa gari dogo la binafsi, macho yote mawili yakiwa wazi, na anayehitaji miwani akiwa ameivaa. Kwa wanaobeba abiria au kuendesha magari makubwa kiwango hupanda. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, jicho lililo bora la dereva wa basi au lori hutakiwa kufikia takribani 6/7.5, na jicho la pili nalo lina kiwango chake. Uingereza wana kipimo kingine rahisi ambacho hata wewe unaweza kukijaribu stendi mchana kweupe: simama mita 20 kutoka kwenye gari lililoegeshwa, usome namba yake. Ukishindwa, usisubiri siku ya leseni. Ukiweza, bado njoo, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwanza tuone nusu ya uoni inagharimu nini barabarani. Basi na lori zinaruhusiwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Tuseme kuna kibao ambacho mwenye 6/6 anaanza kukisoma kikiwa mita 80 mbele. Ana sekunde tatu na ushee za kuamua. Mwenye 6/12 anakisoma kikiwa mita 40, yaani amebakiwa na chini ya sekunde mbili. Mwenye 6/24 anakisoma kikiwa mita 20. Hapo sekunde moja haitimii, na kabla mguu haujafika kwenye breki gari limeshakipita.

Habari njema ni kwamba wengi wanaokwama kwenye ubao wanahitaji miwani tu, na wanatoka wakisoma mistari ambayo hawakuiona kwa miaka. Hapa nina ombi. Ile miwani ya kusomea inayouzwa mitaani na sokoni, ambayo watu wa makamo huinunua wakianza kushindwa kusoma ujumbe kwenye simu, ni ya karibu. Ukiivaa kwenye usukani inakuharibia kuona mbali. Dereva anayehitaji msaada wa karibu na wa mbali apimwe, atengenezewe miwani inayofaa kwa vyote viwili, au awe na miwani mbili na ajue ipi ni ya safari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ubao hauwezi kulionyesha hata kidogo, nalo ni upana wa kuona. Ukitazama mbele bila kugeuza shingo, macho mawili mazima yanashika eneo la karibu nyuzi 180 kutoka kushoto hadi kulia. Nchi nyingi humtaka dereva awe na angalau nyuzi 120. Pembeni ndiko anakotokea mtoto anayekimbilia mpira, mwenye baiskeli anayechomoza kutoka njia ya vumbi akiwa na gunia la mkaa, na bodaboda inayokupita kushoto wakati umeshawasha indiketa.

Ugonjwa unaokula upana huo ni glakoma, wengi wanauita presha ya macho. Sisi Waafrika tunaupata zaidi, na katika umri mdogo zaidi, kuliko watu wa asili ya Ulaya, na ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma hatari yako inapanda. Aina yake iliyo ya kawaida haiumi. Jicho halitoi machozi wala halibadiliki rangi. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa polepole, na pembeni mwa eneo la kuona panapotea kwanza huku katikati pakibaki safi. Mtu anaweza kusoma ubao wote hadi mstari wa chini, akapongezwa, na hali nusu ya ulimwengu wake wa pembeni imeshakwenda. Wala yeye hajui. Usifikiri anaona giza pembeni. Ubongo unajaza pengo kwa kubahatisha, na barabara inaonekana tupu.

Wapo wanaokuja na dalili bila kujua kuwa ni dalili. Amekwangua kioo cha pembeni mara kadhaa upande uleule. Anagombana na bodaboda "zinazotokea ghafla" siku hizi. Utingo wake amezoea kumwambia "bosi, kuna mtu kushoto". Ndugu yangu, mambo hayo usiyahesabu kuwa ni uchovu au ukorofi wa wenzako mpaka macho yapimwe. Tunatazama mshipa wenyewe ndani ya jicho, tunapima presha ya jicho, tunapima upana kwa vidole tukikaa uso kwa uso nawe au kwa mashine maalumu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, mionzi ya leza au upasuaji, na mgonjwa wa glakoma aliyewahi mapema anaweza kuendelea na usukani miaka mingi.

Kuna glakoma nyingine tunayojiletea wenyewe, na hii inanisikitisha sana. Vumbi la kiangazi linawawasha vijana wa bodaboda macho, wanakwenda duka la dawa, wanapewa matone yenye steroidi kama dexamethasone. Wekundu unaisha siku hiyohiyo, muwasho unatulia, basi chupa inakuwa haikauki mfukoni. Matone hayo yakitumika kwa wiki na miezi bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho kwa mtu wa miaka 25. Kama unayo chupa ya namna hiyo, njoo nayo kliniki.

Jambo la pili lisiloonekana kwenye ubao ni uoni wa magharibi na usiku. Ubao wetu ni herufi nyeusi juu ya weupe, chumbani, taa ikiwaka vizuri. Barabarani hupewi weusi juu ya weupe. Unapewa mkokoteni wa ng'ombe usio na kiakisi, rangi ya vumbi juu ya barabara ya rangi ya vumbi. Anayetoka Tabora kwenda Urambo jioni analifuata jua usoni, maana barabara inaelekea magharibi, na kwetu jua likishazama kuelekea saa moja giza halichelewi. Jicho linalotoka kwenye mwanga mkali huchukua dakika nyingi, hata 20 au 30, kulizoea giza kikamilifu, na kadiri umri unavyosogea ndivyo linavyochelewa. Mwenye mtoto wa jicho anapata tabu zaidi: lenzi iliyoanza ukungu inatawanya mwanga wa taa za gari linalokuja, na kwa muda haoni kitu. Mwambie anayekupima kwamba usiku unapata shida, hata kama mchana umesoma vizuri. Usipolisema, kipimo cha kawaida kinaweza kulipita. Mtoto wa jicho unatibika kwa upasuaji mfupi wa kubadilisha lenzi, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu.

Miwani ya njano inayosifiwa kuwa "ya kuendeshea usiku" haikuongezei uoni, inapunguza mwanga ambao tayari ni mdogo. Miwani nyeusi ya kuzuia wadudu kwenye pikipiki baada ya magharibi ndiyo mbaya kabisa. Tafuta yenye vioo vyeupe, na helmeti yenye kioo kilichochubuka ibadilishwe.

Upofu wa rangi huwapata zaidi wanaume, na wengi wao wanaendesha salama kwa kufuata mpangilio wa taa, kwani nyekundu iko juu. Mwenye jicho moja hukubaliwa katika nchi nyingi kwa gari la binafsi akishaizoea hali yake, ila kwa abiria na mizigo masharti huwa makali. Anayeona vitu viwiliviwili asiendeshe hata kidogo mpaka atibiwe.

Mwenye kisukari nina neno naye. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika na namba ya miwani hubadilika nayo. Ukipimwa siku sukari iko juu, unaweza kutengenezewa miwani ambayo haitakufaa sukari ikitulia. Itulize kwanza kwa wiki kadhaa. Na retina yako, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, itazamwe kila mwaka hata kama unaona vizuri.

Leseni yetu sasa hudumu miaka 5, ikitolewa na TRA baada ya polisi wa usalama barabarani kujiridhisha na uwezo wa mwombaji. Kwa kijana wa miaka 22 mwenye macho mazima, miaka 5 si kitu. Kwa mwenye miaka 45 ambaye mama yake alipofuka kwa glakoma, naona ni mingi mno kukaa bila kupimwa. Baada ya miaka 40, pima kila mwaka mmoja au miwili, leseni iwe imeisha au haijaisha. Wenye mabasi na malori nawaomba mlipie kipimo hiki kama mnavyolipia matairi, na dereva atakayekutwa na tatizo mumpe nafasi ya kutibiwa kabla ya kumtafutia mbadala. Wakijua kwamba kupimwa ni kufukuzwa, wataendelea kukariri mistari ya ubao na kuambizana nje mlangoni.

Ukija, njoo mwezi mmoja au miwili kabla leseni haijaisha, ili kama ni miwani itengenezwe na kama ni matibabu yaanze. Beba miwani yote unayotumia, dawa unazomeza na matone unayotia. Huenda tukakuwekea matone ya kupanua mboni ili tuone ndani, na kwa saa kadhaa baada yake mwanga utakuumiza na uoni utakuwa na ukungu, kwa hiyo siku hiyo gari au pikipiki iache nyumbani, uje na mtu wa kukurudisha.