Linux haina ada ya leseni, lakini seva yake ina gharama

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba wakichagua Linux badala ya Windows Server kuwa mfumo endeshi wa seva yao (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi), hesabu imeisha: leseni ni bure, basi mfumo ni nafuu. Si kweli. Leseni ni sehemu moja tu ya gharama za miaka mitano au zaidi.

Tazama CentOS Linux 8, toleo mojawapo la Linux, iliyotoka Septemba 2019. Kampuni nyingi ziliichagua kwa sababu haikulipiwa na masasisho yake, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya usalama na hitilafu, yalitarajiwa hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba yangekoma tarehe 31 Desemba 2021, na kweli yakakoma. Mwenye seva kadhaa alilazimika kuzihamishia mfumo mwingine, kujaribu upya kila programu na kulipa mafundi kwa kazi isiyokuwa kwenye bajeti. Hilo ndilo deni ambalo bei ya dukani haionyeshi.

Windows nayo ina yake: masasisho ya kawaida ya Windows Server 2012 yaliisha Oktoba 2023.

Kisha kuna umeme. Seva inayotumia wati 400 usiku na mchana humaliza yuniti 3,504 kwa mwaka, bila kuhesabu kiyoyozi. Zidisha kwa bei ya yuniti unayolipa, halafu kwa miaka mitano.

Mimi ningeanza na swali hili: seva ikizima saa nane usiku, nani ataiwasha, na analipwa kiasi gani? Kama tayari una fundi anayeijua Linux vizuri, huenda ikawa nafuu kweli. Kama huna, weka mshahara wake kwenye hesabu kabla ya kununua chochote.