Chini ya roshani za Noto

Mimi ni mhifadhi wa majengo ya mawe. Anayetaka kuyaelewa makasri ya Baroko, mtindo wa kale wa Ulaya wenye mapambo mengi, mimi humwelekeza mji wa Noto, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Sisilia, Italia, kwenye mtaa wa Via Nicolaci. Ukuta wa kasri la Palazzo Nicolaci ni mtupu kwa sehemu kubwa. Utajiri wote umewekwa chini ya roshani, kwenye mawe yanayozibeba: simba, farasi, nguva, watoto wenye mabawa. Juu yake vyuma vya kuzuia watu wasianguke vimetuna mbele, na inasemekana vilipindwa hivyo ili mabibi wa kasri wapate nafasi ya magauni yao mapana.

Karibu mji wote ni wa baada ya tetemeko la Januari 11, 1693, lililoua watu wapatao 60,000 katika eneo hilo. Noto ya kale iliachwa magofu, mpya ikajengwa mbali kidogo, kwa barabara zilizonyooka. Mwaka 2002 UNESCO iliuingiza mji huu, pamoja na mingine saba ya jirani, katika Urithi wa Dunia.

Siri ya michongo ile ni jiwe lenyewe. Ni jiwe la chokaa la rangi ya asali, laini linapotoka machimboni, kisha hukazana likikaa hewani. Mafundi wa Lamu na Unguja waliyachonga matumbawe ya baharini kwa kuijua tabia hiyohiyo: fanya kazi jiwe likiwa bichi.

Ulaini huo una gharama. Jiwe hili hunyonya maji, chumvi hukauka ndani yake na uso ukabanduka unga. Vyuma vya roshani navyo vikishika kutu huvimba na kulipasua. Halafu kuna udanganyifu wa sura nzuri. Machi 13, 1996 kuba la kanisa kuu la Noto liliporomoka; nguzo zilikuwa na mawe safi nje, ndani kokoto na kifusi, zikiwa zimedhoofishwa na tetemeko la 1990 huku zikielemewa na paa la zege lililowekwa miaka ya 1950. Kanisa lilifunguliwa tena 2007.

Ndiyo maana hukasirika nikiona saruji imepakwa juu ya jiwe la aina hii. Saruji huufungia unyevu ndani. Ufa uzibwe kwa chokaa, inayopumua pamoja na jiwe, na chuma kilichooza kitolewe kabla simba hajapoteza uso.