Kichwa sugu si kichwa kisichosikia dawa

Tanga ukisema kichwa kinakuuma, jina la ugonjwa unapewa kabla hujamaliza kusema. Presha hiyo. La, ni macho, nenda kapime miwani. Malaria imepanda kichwani. Wapo watakaokwambia ni jicho la watu, na hao ndio husema kwa uhakika kuliko wote. Haya tumeyazoea. Lililonichosha ni jingine, ambalo siku hizi linasikika kila mahali, barazani Ngamiani, kwenye daladala za Raskazone, hata dirishani kwa muuza dawa: "Ah, hicho chako ni kichwa sugu, ndiyo maana hakisikii Panadol. Tafuta kitu kikali."

Sentensi moja, makosa mawili, na la pili limezaliwa na la kwanza.

Maana yenyewe ni fupi. Maumivu ya kichwa huhesabiwa kuwa sugu yakimpata mtu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi 3. Kiwango hicho cha siku 15 ndicho kinachotenga aina sugu na zile za kuja na kuondoka katika mwongozo wa Jumuiya ya Kimataifa ya Maumivu ya Kichwa, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1988 na la tatu mwaka 2018. Angalia kilichoulizwa hapo: siku. Ukali haukuulizwa. Wala haikuulizwa kama umemeza dawa ikakusaidia au haikukusaidia.

Sasa hili neno. Sugu, kabla halijaingia hospitali, ni ile ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Mkata mkonge anayo kiganjani, mvuta kasia anayo, na mwenye kusujudu sana utaiona kwenye paji la uso wake. Haiji kwa pigo moja. Pigo moja huleta uvimbe au jeraha. Sugu huletwa na kitu kidogo kinachorudi palepale, leo, kesho na keshokutwa, mpaka ngozi inabadilika. Ndiyo maana tukasema mwizi sugu, na hatukukusudia mwizi mwenye misuli. Anaweza kuwa kijana mwembamba anayeiba kuku tu, ila kila wiki yumo mikononi mwa mgambo. Mdaiwa sugu naye deni lake si lazima liwe kubwa. Ni mtu wa kurudia.

Maumivu ya kichwa sugu ni sugu kwa maana hiyo. Yanarudi.

Lakini Kiswahili kimelibebesha neno hili mzigo wa pili, na sikilaumu. Mtoto asiyesikia makanyo tunamwita sugu, kwani fimbo haimwingii tena. Kutoka hapo ikapatikana "usugu wa dawa", tunayoimbiwa kila siku kuhusu antibayotiki: ukimeza nusu dozi, vimelea vinakuwa sugu, dawa haviui tena. Maana hiyo ni halali kabisa kwa vimelea. Tatizo ni kwamba watu wameichukua wakaivalisha kichwa. Wakisikia "kichwa sugu" wanaelewa kichwa kilichozoea dawa kama kidudu, na dawa ya kidudu sugu ni kupanda ngazi, kuhama kutoka kidonge chepesi kwenda kizito, kutoka viwili kwenda vitatu, kutoka parasetamo kwenda diklofenaki. Kichwa hakina kimelea cha kuuawa. Hakuna dozi unayoimaliza ukakishinda.

Na hapa ndipo kosa la neno linapogeuka kuwa kosa la mwili. Ipo aina ya maumivu ya kichwa inayoletwa na dawa za kutuliza maumivu ya kichwa. Watu wengi wakiambiwa hivi hucheka, wakidhani daktari anawabania vidonge. Lakini imo katika mwongozo ule ule, na ina viwango vyake: parasetamo, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao, ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi; kwa dawa za mchanganyiko, zikiwemo zile za parasetamo na kafeini, au tramado na jamaa zake, zile kali za jamii ya afyuni, siku 10 tu zinatosha. Ikienda hivyo kwa zaidi ya miezi 3, mfumo wa maumivu kichwani unakuwa mwepesi wa kuamka, na dawa ya jana inapoisha mwilini, kichwa kinaanza. Unameza. Kinatulia. Kinaanza tena. Jirani anakwambia ni sugu, tafuta kali zaidi.

Niseme pia kwamba haya huwapata hasa watu ambao tayari ni wenye kichwa, yaani tangu zamani wana kipandauso, kile cha kupwita na kichefuchefu, au kichwa cha mkazo, kile cha kubana. Mzee anayemeza dawa ya goti kila siku, kichwa hakijawahi kumsumbua, kwa kawaida hapati. (Tumbo na figo zake ni habari nyingine, na awaulize wanaojua.)

Presha sitaipitia haraka, maana hii nayo imeshika mizizi. Presha iliyopanda kwa kiasi haiumizi kichwa. Inayofika huko ni ile ya 180 kwa 120 na kuendelea, na hiyo ni ya kukimbizwa hospitali. Kupima presha ni jambo jema, ila isipimwe kwa kichwa. Kwani kuna upande wa pili wa kosa hili: mwenye presha ya kweli ambaye kichwa hakimuumi hujiona mzima, akaacha dawa zake.

Turudi. "Sugu" vilevile si jina la ugonjwa mmoja. Mtu akisema ameambiwa ana kichwa sugu, ameambiwa mwezi wake una siku ngapi mbaya, hajaambiwa anaumwa nini. Ndani ya jina hilo mna watu wasiofanana. Yuko mwenye kipandauso sugu, ambaye kati ya siku zake 15 angalau 8 ni za kipandauso chenyewe: kichwa kinapwita, mara nyingi upande mmoja, kichefuchefu, mwanga unamkera, anataka chumba cha giza. Yuko wa mkazo, anayebanwa pande zote mbili, maumivu ya kiasi, anapanda ngazi na kufua nguo nayo yapo vilevile. Yuko ambaye kichwa kilianza siku moja anayoikumbuka, na tangu siku hiyo hakikumwacha. Na yuko, huyu ni nadra, wa upande mmoja tu bila kukoma, jicho la upande huo likitoa machozi. Yeye dawa iitwayo indomethasini humwondolea kabisa, na wengine wote dawa hiyo haiwafanyii hivyo. Kuwapa wote hawa ushauri mmoja kwa sababu wote ni "sugu" ni kuwaonea.

Kuna jambo jingine linalotokana na kulidhania neno hili kuwa ni ukali, na sisi tunaoishi nacho tunalijua zaidi. Ukisema una kichwa sugu, watu wanategemea wakuone umelala, umefungwa kitambaa. Wakikukuta shughulini umevaa dera lako na unacheka, unasikia nyuma: "Si alisema anaumwa huyu?" Ndiyo, anaumwa. Anaumwa kidogo, kama jana, na juzi, na amekwisha kuamua kwamba harusi ya mtoto wa dada haiwezi kungoja siku ambayo kichwa kitakuwa cheupe. Siku nyingi za mtu wa namna hii ni za hivyo. Zile za kulazwa kitandani ni chache, ndizo tu zinazoonekana.

Kuishi nacho, basi. Mimi kitu kilichonifaa kuliko vyote ni kalenda ya ukutani, zile zinazogawiwa madukani mwaka mpya, zenye picha ya msikiti au ya maua. Siku ya kuumwa napiga mstari kwa kalamu ya bluu. Siku ya kumeza dawa yoyote ya maumivu natia nukta nyekundu kwenye kiboksi hicho hicho. Hakuna maelezo, hakuna daftari, maana mwenye kuumwa haandiki insha. Mwezi ukiisha unatazama. Kuna watu watagundua nukta ni nyingi kuliko mistari, yaani wanameza hata siku ambazo hawaumwi, kwa hofu ya kuumwa. Hilo hulioni bila kalenda.

Zikionekana nukta nyingi, njia ni kuziacha hizo dawa, na hapa mtu asidanganywe: siku za kwanza, mara nyingi 2 hadi 10, kichwa huwa kibaya zaidi, pengine na kutapika na kukosa usingizi. Ndipo wengi wanaporudi dukani wakisema "nilijaribu kuacha, kikazidi". Kuzidi huko ndiko kulikotarajiwa. Aliyekuwa akitumia tramado asiache kwa ghafla peke yake, aende kwa daktari wapunguze pamoja. Ipo pia dawa ya kinga, inayomezwa kila siku ili siku mbaya zipungue, kwa mfano amitriptilini kidogo usiku. Inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Asili yake ni dawa ya sonona, kwa hiyo akiisoma mtu kwenye karatasi ya ndani hukasirika: "Nimeenda na kichwa wamenipa dawa ya wazimu." Hapana, dada yangu. Dozi ni ndogo, kazi ni nyingine.

Kahawa nayo. Mji huu ni wa kahawa. Muuza kahawa akipita jioni na mdila wake, vikombe vinagongana, nani anakataa? Kafeini haina ubaya mkubwa ikiwa kidogo na kwa wakati mmoja. Ila aliyezoea zaidi ya miligramu 200 kwa siku, akikata ghafla, ndani ya saa 24 kichwa kinaanza, na hutulia ndani ya wiki. Sasa fikiria siku ya kwanza ya Ramadhani. Kahawa ya asubuhi hakuna, maji hakuna, usingizi umekatwa na daku. Ikifika alasiri nusu ya baraza wamejishika vichwa. Dawa ya hili huanza Shaabani, kwa kupunguza kikombe kimoja kimoja. Mwenye kichwa cha kila siku asipofanya hivyo wiki yake ya kwanza anaijua mwenyewe.

Mengine ni ya kawaida na hayapendezi kuandika: kulala na kuamka saa zile zile hata Jumapili, kutoruka chakula cha mchana, maji ya kutosha katika joto letu la Februari. Wanawake, legezeni ushungi na pini zake. Kitu kinachobana kichwa saa nyingi huweza kukiumiza, na helmeti ya bodaboda ni vivyo hivyo.

Na kuna kichwa ambacho hakingoji kalenda. Kilichokuja ghafla kama hujawahi kukiona maishani, chenye homa na shingo ngumu, chenye mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, kilichofuata kuanguka, kilichoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, au cha mjamzito anayeona maruweruwe: hicho ni hospitali leo leo. Huenda kina saa mbili tu tangu kianze, kwa hiyo sugu hakijawa, na ni cha hatari kuliko changu cha miaka.

Kwa hiyo mwenzangu, kichwa kikikuzidi sema kikali. Sema kinakuwanga, kinapwita, kimekulaza. Maneno ya ukali tunayo tele. Kikiwa hakisikii dawa, sema hivyo hivyo, hakisikii dawa. Sugu liachie hesabu ya siku. Ukifika zahanati, taja namba mbili: mwezi uliopita umeumwa siku ngapi, na umemeza dawa siku ngapi. Na wewe uliyeko upande wa pili wa dirisha la duka la dawa, mteja akikwambia chake ni sugu, kabla hujanyoosha mkono kwenye rafu ya juu muulize hiyo namba ya pili.