Nani Asimulie Penzi? Dhana Potofu Kuhusu Nafsi katika Hadithi za Mapenzi

Miaka michache iliyopita nilimpa rafiki yangu sura ya kwanza ya hadithi yangu aisome. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi pale bustani ya Jeevanjee, Nairobi. Alisoma kurasa mbili, akaweka kidole katikati ya aya, akaniuliza: “Hapa ni nani amemshika nani?” Niliisoma aya ile mara mbili, nikakosa jibu. Tangu siku hiyo sichagui tena nafsi ya usimulizi, yaani kama hadithi isemwe kwa “mimi” (nafsi ya kwanza) au kwa “yeye” (nafsi ya tatu), kwa mazoea, na kila ninaposoma miswada ya wenzangu nakutana na imani zilezile zilizonipotosha mimi.

Dhana: Nafsi ya tatu ndiyo rahisi.

Hii ndiyo iliyonikwaza pale Jeevanjee. Nilikuwa nimeandika hivi: “Alimtazama, akamshika mkono, naye akauondoa polepole.” Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, kwa hiyo sentensi ya namna hiyo haimpotezi msomaji wake. Sisi tuna *a-* na *-m-* kwa wote wawili. Weka wapenzi wawili chumba kimoja, uwaandikie kwa nafsi ya tatu bila uangalifu, na baada ya sentensi tatu hakuna ajuaye mkono ni wa nani.

Sasa ipe nafsi ya kwanza: “Nilimtazama, akanishika mkono, nikauondoa polepole.” Hakuna jina hata moja, na hakuna anayepotea. Viambishi vyenyewe vimefanya kazi yote. Ukitaka kubaki na nafsi ya tatu, inawezekana, ila lazima ushikilie upande mmoja na kuyatumia majina bila aibu: “Otieno alinyosha mkono. Mwende akauacha hewani.” Wengi huogopa kurudia majina wakidhani ni udhaifu wa lugha. Kwa Kiswahili ni msaada kwa msomaji.

Lugha hii ina siri nyingine ninayoipenda sana. Msimulizi anayesema “mimi” anaweza kwenda kurasa nyingi bila kujulikana ni mke au mume, mpaka pale atakapolazimika kusema ameoa au ameolewa.

Dhana: Ukiandika “mimi”, unasimulia maisha yako.

Imani hii inawaumiza zaidi wanawake. Ninawajua walioacha “nilimbusu” wakaandika “alimbusu” kwa kuhofia simu ya shangazi, na hadithi ikapoa. Ajabu ni kwamba katika ushairi jambo hili tulifundishwa wote darasani: nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, si mtunzi. Mwanamume anaweza kutunga shairi kwa sauti ya mjane na hakuna atakayemuuliza mumewe alifariki lini. Msimulizi wa hadithi naye ni mhusika kama wengine, ametungwa, ana kasoro zake, na ana haki ya kudanganyika.

Wapo pia wanaodai kuwa “mimi” ni mtindo wa juzi, wa hadithi za kusoma kwenye simu. Riwaya ya *Jane Eyre* ilitoka mwaka 1847, na Jane anajisimulia mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Dhana: Msomaji lazima aione mioyo yote miwili.

Hapa ndipo ninapobishana na waandishi wengi. Wanaandika: “Mwende alihisi anampenda Otieno. Otieno naye alimpenda, ila aliogopa kusema.” Basi, msomaji anangoja nini tena? Utamu wa hadithi ya mapenzi uko katika kutojua. Anayependa hajui kama anapendwa, na msomaji anataka kuketi naye katika kutojua huko.

Kaa upande wa Mwende peke yake, kisha mwache aone:

“Mvua ilikuwa imeanza pale Railways. Matatu ya Rongai ilibakiza kiti kimoja, makanga anapiga bodi, na Otieno bado amesimama palepale akimuuliza kwa mara ya tatu kama ana mwavuli.”

Hatujaingia kichwani mwa Otieno hata kidogo. Lakini aliyewahi kupanda matatu jioni ya mvua anajua uzito wa kiti kile kimoja. Mwende anaweza asielewe, na msomaji akaelewa kabla yake.

Ikifika wakati Otieno lazima aseme, mpe njia ya kusema bila wewe kuhama. Jane Austen alifanya hivyo mwaka 1813 katika riwaya yake *Pride and Prejudice*. Sehemu kubwa ya kitabu tuko karibu na Elizabeth, mhusika mkuu. Anapomkataa Darcy, mwanamume anayemposa, Darcy anamkabidhi barua, na tunausikia upande wake kwa maneno yake mwenyewe. Leo barua hiyo ni ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, wa dakika nne, unaosikilizwa usiku taa zimezimwa.

Dhana: Kupokezana sura kunamaliza tatizo.

Sura moja yeye, sura moja mimi, na majina juu ya kila sura. Njia nzuri, lakini inadai sauti mbili za kweli. Jaribio langu ni kuyafunika majina yale kwa karatasi. Kama huwatambui kwa usemi wao, una msimulizi mmoja aliyebadilisha nguo. Aliyelelewa Mombasa atasema, “Sasa we wataka n’fanye nini?” Wa Buruburu atasema, “Sasa unataka nifanye aje?” Anzia hapo, kisha nenda kwenye yale kila mmoja anayoyatazama kwanza anapoingia nyumbani kwa watu.

Usimulizi maizi, ule wa msimulizi anayejua yaliyo mioyoni mwa wote, nao watu huuita wa kizee. Ndio uliotulea tangu “Paukwa! Pakawa!”, na unafaa sana pale penzi linapohusu ukoo mzima, wazee wa mahari na majirani wa ploti. Tatizo huja tu mwandishi anaporuka kichwa hadi kichwa ndani ya aya moja bila kutuonya.

Mswada wangu ule niliuandika upya. Nilichukua tukio moja, la ugomvi wao jikoni, nikaliandika mara mbili: mara moja kwa Mwende, mara moja kwa Otieno. La Otieno lilikuwa na maelezo mengi, kwa sababu yeye alikuwa anajua kila kitu. La Mwende lilikuwa na maswali. Nikampa Mwende “mimi”, na Otieno akabaki na kimya chake na ule mwavuli.