Ua la njano lenye umbo la tarumbeta: usinitumie ua, nitumie tawi

Picha za maua ninazotumiwa kila wiki karibu zote zinafanana. Ua limechumwa, limewekwa kiganjani, jua la Dodoma limelipausha, na chini yake kuna swali: "Mtaalamu, hili ni ua gani?" Mtumaji huongeza rangi, kana kwamba rangi ndiyo kitambulisho. Kwetu sisi watu wa mimea, rangi ni ushahidi dhaifu kuliko wote. Bogenvilia ipo ya zambarau, nyeupe, ya chungwa na nyekundu, na zote ni bogenvilia. Tena hiyo rangi yenyewe si ya petali: ni majani matatu yaliyobadilika, na maua ya kweli ni vile virija vyembamba vilivyojificha katikati yake.

Juzi swali lilikuwa zito kidogo. Mama mmoja wa Nzuguni alihamia nyumba yenye kichaka cha maua ya njano uzioni. Ana mbuzi, na ana mjukuu ambaye ameanza kuokota kila kitu na kukitia mdomoni. Je, kichaka kina sumu?

Kwa maua ya njano ya umbo la tarumbeta yanayopandwa sana majumbani, mimi huanza na washukiwa watatu: Tecoma stans, Allamanda cathartica, na Cascabela thevetia, ambayo wengi bado tunaiita Thevetia. Asili ya yote ni Amerika ya kitropiki, na mara nyingi muuza miche atakukabidhi kiriba bila jina lolote zaidi ya "maua ya njano". Tecoma haihesabiwi miongoni mwa mimea ya sumu. Allamanda utomvu wake huwasha ngozi, na ukiila utaharisha. Thevetia ni habari nyingine kabisa: sumu yake huvuruga mapigo ya moyo, imo kwenye mmea mzima, na kwenye mbegu ndiyo kali zaidi.

Nikamjibu: "Mama, shikamoo. Usichume ua. Kata kitawi chenye majani, kitazame pale kilipokatika, halafu angalia kama kuna matunda."

Tuanze na jani. La Thevetia ni jembamba, refu, linang'aa, na majani yamezunguka tawi moja moja kwa karibu sana. Ya Allamanda ni mapana zaidi na mara nyingi yanatoka matatu au manne kwenye kifundo kimoja. Zaidi ya hapo, mmea wenyewe hutambaa ukitafuta pa kuegemea. Jani la Tecoma limegawanyika: kikonyo kimoja kina vipande kadhaa vilivyopangana pande mbili, kimoja kikimalizia nchani, na kingo zake zina meno kama msumeno.

Hapa wengi hukwama, kwa sababu kila kipande wanakihesabu kuwa jani na kikonyo wanakiita tawi. Kuna namna ya kuhakikisha. Tazama kwapani, pale kikonyo kinapoungana na kilichokibeba. Jani zima lina kijichipukizi kwapani mwake, hata kama ni kidogo kama kichwa cha pini. Kipande cha jani hakina. Ukipita kwenye vipande vyote bila kuona kichipukizi, kisha ukakikuta kimoja tu kule chini kabisa, basi vyote hivyo ulivyokuwa unavihesabu ni jani moja.

Sasa utomvu. Vunja kikonyo cha jani changa. Thevetia na Allamanda hutoa utomvu mweupe wa kunata; Tecoma haitoi kitu cha namna hiyo. Utomvu mweupe peke yake hautoshi kutaja jina, maana mnyaa na jamaa zake wanao, mpapai unao, mtini unao. Lakini ukiukuta pamoja na petali tano zilizojisokota upande mmoja kama pangaboi, karibu hakika uko kwenye familia ya Apocynaceae, ile ya kina Thevetia na Allamanda, na hapo anza kuwa mwangalifu. Nawa mikono, usijiguse macho. Waridi la jangwani ni la familia hiyohiyo, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupika utomvu wa jamii yake kuwa sumu ya mishale.

Tunda humaliza ubishi. Tecoma ina maganda membamba yanayoning'inia, yakipasuka hutoa mbegu zenye mabawa ya karatasi; ni ndugu wa mjakaranda. Allamanda ina tunda la mviringo lenye miiba. La Thevetia ni la kijani, nene, lenye pembe butu, likiiva huwa jeusi, na ndani kuna kokwa gumu. Hilo ndilo watoto hupenda kuchezea.

Yule mama alinitumia kitawi: jani limegawanyika, kingo zina meno, utomvu hamna, na maganda makavu yamejaa. Tecoma. Mbuzi waendelee.

Maua ya rangi ya waridi nayo yana mtego wake. Nerium oleander na waridi la jangwani watu huyachanganya, na ukitazama ua tu huwezi kuwalaumu. Shuka chini. Majani ya Nerium ni marefu, magumu, mara nyingi matatu matatu kwenye kifundo. Waridi la jangwani lina shina lililovimba chini, na majani yamejikusanya kwenye ncha za matawi. Kiangazi hupukutika yote. Usalama haubadiliki hapo: yote mawili yana sumu ya moyo. Mtoto akila, mpeleke hospitali mara moja na ubebe kitawi.

Vipi programu za simu? Natumia, sina kinyongo nazo. Ila zinajibu kulingana na ulichopiga, na ukizipa tarumbeta ya njano bila jani zinaweza kukupa lolote kati ya yale matatu kwa kujiamini kabisa. Piga picha nne: mmea mzima, jani juu na chini, ua kwa ubavu, na tunda.

Ikishindikana, kausha. Laza kitawi katikati ya magazeti, weka vitu vizito juu, badilisha magazeti kila siku. Kwa hewa kavu ya huku hakichukui muda. Andika mahali, tarehe, urefu wa mmea, kama una utomvu, na rangi ya ua, kwa kuwa hiyo hupotea likikauka. Sampuli iwe na ua au tunda, ikiwezekana vyote viwili. Hebaria ya Taifa, yaani hazina ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iko Arusha, na kitawi chenye majani matupu hata huko kitawasumbua.