Mtoto aliyeanza na meno ya juu si kigego

Pwani yetu, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, mwenye nuksi. Zamani wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Leo hilo halifanyiki kwa wengi, lakini mnong'ono haujaisha, na mama ndiye anayeubeba.

Kawaida meno mawili ya chini mbele hutangulia, karibu na miezi 6. Kubadilika kwa mpangilio huo mara nyingi hakuna maana yoyote. Mara chache, ya juu hutangulia kwa kuwa ya chini hayapo kabisa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa baadhi ya watoto wenye displasia ya ektodema, hali adimu ya kuzaliwa nayo: meno machache, yaliyochongoka, nywele nyepesi, na jasho kidogo au hakuna.

Hilo la jasho ndilo linalonitia hofu zaidi. Mwili usiotoa jasho haupoi, basi homa isiyoeleweka kwenye joto la Tanga au Mombasa isipuuzwe. Mwekeni kivulini, mumloweshe maji.

Chanzo cha displasia hii ni jeni, yaani vinasaba vya kurithi. Aina iliyo ya kawaida zaidi hupitia kromosomu X, ambayo wavulana wanayo moja tu, ndiyo maana wao huathirika zaidi.

Wala msingoje akue. Meno bandia ya kuvaa na kuvua huweza kuanza akiwa na miaka 3 hivi, yakibadilishwa kadiri taya linavyokua; ya kupandikizwa mfupani kwa kawaida husubiri ukuaji ukamilike.